Wanja Juu ya Jicho la Kulia

Siku niliyokabidhi ufunguo wa kabati la vifaa, vijana wa thieta, chumba chetu cha upasuaji, waliniletea keki, doti mbili za kanga na ombi. Kanga nimeshazivaa, keki ililiwa na watu ambao hata hawakuwa wakinijua, na ombi ndilo hili ninalolitimiza sasa: niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya kupasua macho. Nasema kupasua, ingawa sikupasua hata jicho moja. Nilikuwa nesi wa kumshikia daktari vifaa. Lakini mtu aliyesimama kando ya chungu zaidi ya miaka thelathini naye ana haki ya kusema tumepika.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Hospitali nayo sitaitaja jina; mliofanya kazi pale mnaijua kwa milango yake inavyolia. Nitaandika zaidi habari za makengeza, kwa sababu ndiyo operesheni niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyowahi kunifedhehesha kuliko zote.

Thieta ya macho niliyoikuta mimi ilikuwa chini ya Bi. Zuwena, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambaye sikupata kumsikia akigomba, na kwa hiyo tulimuogopa sana. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula.

"Nshakula, Bi. Zuwena."

"Basi simama pale. Usiguse kitu."

Nilisimama pale wiki mbili. Wiki ya tatu akaniruhusu kumpa daktari kulabu. Kulabu ya msuli ni kijichuma chembamba kilichopinda ncha, ambacho daktari hukipitisha chini ya msuli wa jicho ili auinue. Mimi nikampa huku ncha imeelekea siko. Daktari akaipokea, akainua macho kuitazama, akaigeuza, akaendelea na kazi. Bi. Zuwena alingoja mpaka tuvue kofia.

"Salma, kwenu kuna kijiko?"

"Kipo."

"Na mtu anayesoma gazeti?"

"Yupo kaka yangu."

"Basi ukifika nyumbani umpe kijiko mkononi na yeye anasoma. Akiinua macho kutazama anachopewa, umekosea. Anza tena."

Kaka yangu alipewa kijiko mwezi mzima. Hadi leo, na mvi zake, nikimpitia karibu naye ana gazeti hunyoosha mkono. Lakini nilijifunza. Daktari wa macho akiinua kichwa amepoteza mahali, na mahali penyewe panapimwa kwa milimita.

Makengeza kwa mtu asiyeyajua ni jicho kukaa upande, basi. Mimi nilikuwa nikiwaeleza wazazi kwa kitanda cha kamba. Kila jicho lina misuli yake sita inayolivuta huku na huku. Mmoja ukikaza kupita wenziwe, jicho huelekea kwake, kama kitanda kinavyopinda kamba za upande mmoja zikiwa zimevutwa sana. Daktari halitoi jicho nje, kama wanavyosema watu sokoni Darajani. Anaufungua msuli uliokaza pale ulipojishika, anaushona nyuma kidogo ili ulegee, na ikibidi anaupunguza ule wa upande wa pili. Uzi wake ni mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Na jambo moja mlikumbuke nyinyi mnaoanza: msuli ule ukivutwa kwa nguvu, moyo wa mgonjwa hupunguza mwendo. Niliona mara nyingi mtu wa kutoa dawa ya usingizi akisema kwa upole, "Wachia," na daktari akawachia, na sote tukasikiliza mashine mpaka mlio wake urudi kama mwanzo.

Watu walikuwa na maoni yao. Wapo waliosema kengeza dogo kwa mtoto wa kike ni haiba, na atakayemuoa atamsifia. Wapo waliosema mama alimcheka mtu wakati wa mimba. Tabu kubwa zaidi ilikuwa kitambaa. Jicho lililopinda huzoea uvivu, kazi yote ya kuona ikafanywa na lile zima, kwa hiyo kabla ya operesheni mtoto huzibwa jicho zima ili lile bovu lilazimike kufanya kazi. Mvuvi mmoja wa Uroa alimleta mwanawe baada ya miezi mitatu, kitambaa kisafi kabisa, kimefungwa vizuri, juu ya jicho bovu.

Nikamwambia, "Baba, tulikubaliana jicho zima."

Akanitazama kwa huruma. "Nesi, mtu akivunjika mguu, plasta mnamtia mguu gani?"

Tulianza upya, safari hii kwa kumwandikia mtoto mwenyewe alama juu ya jicho la kuzibwa. Kuandika alama usoni mwa mtoto ni jambo linaloonekana dogo.

Sasa nimefika kwa Tatu.

Nilikuwa nimeshakaa kazini miaka kumi hivi, na nilikuwa najiona najua. Daktari wa makengeza alikuwa akitoka bara, Daktari Elia, akija kwetu kila baada ya miezi kadhaa na kufanya watoto wanne watano kwa siku. Tatu alikuwa na miaka sita, wa Matemwe, jicho lake la kushoto limeelekea puani kiasi kwamba wenziwe wa chuo cha Kurani walimwita jina ambalo sitaliandika. Aliletwa na bibi yake mzaa mama, Bi. Mize, kwa sababu ilikuwa bamvua, maji yametoka sana, na mama yake yuko pwani akivuna mwani. Daktari alimpima mtoto kwa makini. Lile jicho la kushoto halikuwa likiona sawasawa hata baada ya miezi ya kitambaa. La kulia ndilo alilokuwa akisomea, akitembelea na kumjulia mama yake.

"Tunafanya la kushoto peke yake," Daktari Elia alisema. "Jicho zima la mtoto huyu haligusi mtu."

Jioni nilipita wodini kuwatia alama watoto wa kesho yake. Tulikuwa na kalamu maalumu, wino wake haufutiki kwa maji. Siku ile ilikuwa imekauka. Mtu mwenye akili angekwenda kutafuta nyingine. Mimi nilichomoa kalamu ya wino mfukoni, nikamchora Tatu kistari juu ya unyushi wa kushoto, nikaenda zangu nyumbani.

Nisiyoyaona niliyajua baadaye. Alfajiri Bi. Mize alimwogesha mjukuu wake kwa sabuni na dodoki, kwa kuwa mtoto wa watu haendi mbele ya kisu na uso wa jana. Kistari changu kikaenda na maji. Kisha akamsomea dua, akatoa kidau chake cha wanja kwenye pindo la kanga, akampaka mtoto alama ya hasadi, kama wanavyopakwa watoto wa kisiwa hiki wakitolewa mbele za watu, mwenye kijicho aone doa kabla hajauona uzuri. Akaipaka upande wa kulia, kwani kheri huanzia kulia. Hakukosea chochote. Mama yangu angefanya vile vile.

Tatu alikuwa wa tatu katika orodha, na nadhani wauguzi wa wodini walilitania jina lake kwa hilo. Lakini mtoto wa pili aliamka na homa, kwa hiyo Tatu akasogezwa mbele, na sisi tukawa na haraka. Alipoingia alikuwa ameshalala, ameshafunikwa, uso tu ndio uko nje. Sasa sikilizeni: usingizi ukimkolea mtoto mwenye makengeza, mara nyingi macho hunyooka yenyewe. Ukimfunua kope, yanakutazama yote mawili sawasawa. Kwa hiyo kumtazama hakukusaidii kitu. Unategemea faili na alama.

Daktari Elia alikuwa ameshanawa, mikono juu, maji yanamchuruzika viwikoni. Aliuliza kama alivyouliza kila mara.

"Jicho lipi?"

Faili lilikuwa mezani, hatua tatu. Nilitazama paji la uso. Nikaona alama nyeusi juu ya unyushi wa kulia.

"La kulia, daktari," nikasema.

Bi. Zuwena alikuwa chumba cha pili akihesabu vifaa. Hapakuwa na mtu wa kunisahihisha.

Nikaanza kumsafisha Tatu kwa ile dawa ya rangi ya kahawa, kuanzia kwenye kope kwenda nje, kama tulivyofundishwa. Nilipofika kwenye unyushi alama ikatoka nzima nzima, ikapakaa kwenye pamba, nyeusi na inang'aa. Wino wa kalamu hufifia. Haung'ai. Niliisogeza pamba karibu na barakoa, nikanusa samli.

Mama yangu alikuwa akitengeneza wanja nyumbani kwetu mtaa wa Malindi, kwa masizi ya taa na samli, na mimi ndiye niliyekuwa nikikwangua masizi. Harufu ile siwezi kuisahau. Daktari alikuwa ameshakaa kwenye kiti, amenyoosha mkono kupokea mkasi, na hakuwa akinitazama, kwa sababu miaka kumi nilikuwa nimemzoesha asinitazame.

Mkono wake ulikaa mtupu.

"Daktari, subiri," nikasema.

"Kuna nini?"

"Sijui ni jicho lipi."

Hakuna sentensi ya aibu kuliko hiyo ndani ya thieta. Mtu wa usingizi aligeuka. Daktari Elia alirudisha mkono wake kifuani, akasema nisome faili. Nilikwenda zile hatua tatu. Faili likasema kushoto.

"Wewe umeniambia kulia, karatasi inasema kushoto," akasema. Hakupandisha sauti. "Na karatasi nayo iliandikwa na mtu. Mimi nimepima watoto kumi na sita jana. Nani anaishi na mtoto huyu?"

Nikatoka. Bi. Mize alikuwa kwenye benchi la ukumbini, tasbihi mkononi. Nilipiga magoti mbele yake, na glavu zangu, na kofia yangu.

"Bibi, Tatu jicho lake linalokwenda upande ni lipi? Usinitajie. Niguse... jiguse wewe, jicho lako."

Bibi akaweka tasbihi mapajani, akagusa jicho lake la kushoto kwa kidole cha shahada. Akanitazama kwa muda.

"Kwani nyinyi hamjui?"

"Tunajua, bibi. Tunauliza tu."

Nikarudi ndani, nikasema kushoto, nikanawa upya na kubadili glavu. Operesheni ilichukua muda wa kawaida, moyo ulipunguza mwendo mara moja ukarudi, na mikono yangu ilifanya kazi yote bila mimi. Daktari hakuinua macho hata mara moja. Mpaka leo sijui alinipa heshima ile kwa makusudi au ni mazoea.

Tulipomaliza, Bi. Zuwena alikuja na kitabu cha thieta na kalamu.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Ulivyofanya. Usipambe." Akangoja nikimaliza, akasoma, akafunga kitabu. "Na bibi yake umwambie wewe mwenyewe. Kesho."

Usiku ule nilipanga maneno yangu vizuri. Asubuhi yake tukamfungua Tatu bandeji. Jicho lilikuwa jekundu kama kungu lililoiva, lakini limekaa mahali pake. Nikampa kioo. Alijitazama, akafumba jicho moja, akafumba la pili, kisha akamuuliza bibi yake kama sasa anaweza kukaa safu ya mbele chuoni. Bi. Mize akanishika mikono yote miwili. Aliniombea dua ndefu, akawaombea na wazee wangu, na watoto ambao sijawazaa bado. Nikasema amin, amin, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Bi. Zuwena hakuniuliza kama nimemwambia bibi, na mimi sikusema kwamba sikumwambia. Aliyeificha habari ile ni mimi mwenyewe.

Lakini kazi tuliibadilisha. Tangu wiki ile, mtoto hakupewa usingizi kabla mtu anayeishi naye hajaitwa mlangoni, akaulizwa jicho lipi, akagusa la kwake mwenyewe, huku mwingine anasoma faili. Daktari mmoja mgeni alinicheka, akasema kumuuliza bibi wa shamba habari za operesheni ni mambo ya kale. Nilimwambia kuuliza si ujinga, na nikamngojesha mpaka bibi akafika. Suala la wanja nalo halikuwa rahisi. Ukiwakataza, watapaka kwa siri, na siri ndiyo inayoua. Nikawaambia wapake unyayoni, mwenye hasadi hatazami uso peke yake. Wakakubali, na ndiyo maana vijana mnaotoka vyuoni hushangaa kuona watoto wetu wanaingia thieta wakiwa na doa jeusi chini ya mguu. Hamkuwahi kuuliza. Sasa mmejua.

Miaka ikapita. Bi. Zuwena alistaafu, nikashika ufunguo mimi. Jambo moja lilinisumbua, ingawa sikumwambia mtu. Watu wa kaskazini mashariki, wa Matemwe na Kiwengwa, walikuwa wakifika dirishani na kusema, "Tunamtaka yule nesi anayeuliza." Hawakuniita Salma. Wakiambiwa nipo likizo, wengine waliondoka wakarudi mwezi wa pili yake. Wenzangu walinitania. Mimi nilidhani habari ya siku ile imevuja, kwamba huko pwani ninasimuliwa kama nesi asiyejua kazi, anayetoka nje kuomba kusaidiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kila niliposikia "anayeuliza," masikio yaliniwaka moto.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, mwanamke kijana aliingia na mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikuwa na kengeza, jicho la kulia limeelekea puani. Mwanamke akaniamkia, akakaa, akanitazama kwa macho mawili yaliyonyooka.

"Bi. Salma hunijui. Mimi Tatu wa Matemwe. Bibi yangu Mize."

Nikamuuliza habari za bibi. Akaniambia alishafariki, mwaka wa tano sasa. Nikamwambia innalillahi, na papo hapo nikaona kwamba mtu niliyekuwa na deni la maneno naye ameondoka na sikuyasema. Nimekuwa mzee, na uzee una faida yake: aibu hupungua makali. Nikafunga mlango, nikamhadithia Tatu yote, kalamu ya wino, wanja, hatua tatu za kwenda kwenye faili, jicho lake zima na mkono wa daktari ulionyooka. Nikamwomba radhi, yake na ya bibi yake.

Tatu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko cha polepole.

"Bibi alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua siku ile ile. Mtu aliyetoka kwenye chumba cha kisu, kapiga magoti, uso mweupe, anauliza jicho lipi? Bibi hakuwa mjinga, Bi. Salma. Alitwambia alikaa kwenye lile benchi, akivuta tasbihi mpaka ulipotoka tena."

"Na bado akaniombea dua."

"Alikuombea mpaka anakufa. Alikuwa akiwaambia watu wa kwetu, wajuzi wako wengi kule mjini, lakini mmoja alikuwa hana hakika, akatoka kuja kuniuliza mimi nisiyejua kusoma. Watoto wenu mkiwapeleka, wapelekeni kwa yule anayeuliza."

Nililia. Sioni haya kuliandika. Miaka yote ile nilikuwa nikiona aibu kwa sifa, wala sikujua kama ni sifa.

Wiki mbili baadaye tukamfanyia mwanawe operesheni, na ndiyo ya mwisho niliyoshika vifaa. Asubuhi nilikwenda mlangoni kumpokea mtoto mwenyewe. Unyayo wake wa kulia ulikuwa na doa la wanja, limepakwa kwa unadhifu. Faili nilikuwa nimelisoma mara mbili, alama niliichora mwenyewe kwa kalamu isiyofutika, na mtoto yuko macho ananitazama, kengeza lake wazi mbele yangu. Nikamshika mkono nianze kumwingiza.

Tatu hakuuachia mkono wa pili.

"Bi. Salma," akasema, "mbona hujaniuliza?"

Nikasimama. Nikamuuliza jicho lipi. Akainua kidole, akagusa la kwake la kulia, ndipo akamwachia mwanawe.